Pedali ya breki ya MGB inapanda ukipampu, inazama ukiishikilia

Msomaji mwenye MGB ya 1971, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Gari langu ni la wazi, usukani kulia, breki zake ni za mfumo mmoja na halina busta. Nimeweka mipira mitatu mipya ya breki, pedi mpya mbele, viatu vipya nyuma na sili mpya ndani ya masta silinda. Nimetoa upepo mara nyingi mpaka mafuta yanatoka safi bila povu. Nikikanyaga mara ya kwanza pedali inakaribia sakafu, mara ya pili inapanda juu na kuwa ngumu kabisa. Nikipita barabara ya kona na mashimo inarudi chini tena. Halafu kuna hili jipya ambalo halikuwepo kabla: nikisimama huku nimeishikilia pedali kidogo tu, inazama polepole. Kila ninayemuuliza anasema upepo bado umo. Nitoe tena, au ninunue masta silinda mpya?"

Marahaba. Acha kwanza kutoa upepo, na usinunue kitu leo. Barua yako ina magonjwa mawili, na kwa ulivyoeleza, upepo si hata mmoja wao. La kwanza ni nafasi: mahali fulani pedi au viatu vinakaa mbali mno na diski au dramu, kwa hiyo mkanyago wa kwanza wote unaishia kuvisogeza tu. La pili ni sili kuu ya masta silinda (ile silinda inayosukumwa na pedali) inayopitisha mafuta ndani kwa ndani, na naamini huko kutoa upepo mara kwa mara ndiko kulikoimaliza. Nitaeleza kwa nini. Ila kabla ya maelezo yoyote, gari hilo lisitoke. Mfumo wako ni mmoja, magurudumu yote manne yanategemea chumba kimoja cha masta silinda, na sili hiyo ikikata ukiwa mwendoni unabaki na handbreki peke yake. Modeli zilizokwenda Marekani kuanzia ya 1968 zilikuwa na mifumo miwili, moja ikifa nyingine inashika. Yako haina bahati hiyo.

Sasa tusikilize pedali. Upepo ndani ya mafuta unabonyea, kwa hiyo pedali yenye upepo inadunda mguuni safari nzima, kuanzia juu hadi chini. Ukiipampu itapanda kiasi, lakini ile hali ya kudunda haiondoki. Wewe unasema mara ya pili inakuwa ngumu kabisa. Hapo ndipo penye jibu. Mafuta hayabonyei, na pedali iliyogota kwa ugumu baada ya mkanyago wa pili inakuambia kwamba mabomba na silinda zimejaa mafuta, ila mkanyago wa kwanza haukutosha kuyafikisha yanakotakiwa kufanya kazi.

Wengi hushindwa kuamini kwamba nafasi ndogo inaweza kula pedali yote, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua masta silinda ya kipenyo cha milimita 19, yaani robo tatu ya inchi, na pedali ambayo ikishuka milimita 5 inasukuma pistoni milimita 1. Uso wa pistoni hiyo ni kama milimita za mraba 284. Nyuma, tuseme wili silinda, zile zinazosukuma viatu, zina kipenyo cha milimita 20, na kila kiatu kati ya vinne kimerudi milimita 1 zaidi ya inavyotakiwa. Kuvifikisha kwenye dramu kunahitaji karibu sentimita za ujazo 1.26 za mafuta, ambazo ni milimita 22 za pedali. Milimita 22 zimepotea hata lainingi ya kiatu haijagusa chuma!

Mbele ndiko kunakotisha. Pistoni za kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, ni kubwa. Tuseme kipenyo chake ni milimita 54 na ziko nne, mbili kila upande. Zikisukumwa nyuma sehemu mbili tu za kumi za milimita, unene wa karatasi mbili za kuandikia, zinadai sentimita za ujazo 1.8 kuzirudisha. Hizo ni zaidi ya milimita 30 za pedali. Jumlisha na za nyuma, na mguu wako uko sakafuni. Vipimo vya gari lako vinaweza kutofautiana kidogo na hivi vya mfano wangu, lakini uwiano ndio huo. Wala hutatoa nafasi hiyo kwa chupa na mpira wa kutolea upepo, hata ukikaa chini ya gari wiki nzima.

Kuzama polepole ni habari nyingine. Ndani ya masta silinda kuna pistoni yenye sili ya mpira mbele yake. Pedali ikiwa juu, tundu dogo linaunganisha chumba cha presha na kopo la mafuta. Ukikanyaga, sili inapita lile tundu na kulifunga, kisha presha inajengeka. Sili ikichakaa mdomo, mafuta yanapenya pembeni yake na kurudi koponi, pistoni inaendelea kusonga, na wewe unahisi pedali inazama. Kiwango cha mafuta hakipungui kwa kuwa hakuna kilichotoka nje. Na angalia jinsi ulivyoandika: "nimeishikilia kidogo tu". Ukikanyaga kwa nguvu, presha yenyewe inaubana mdomo wa sili kwenye ukuta wa silinda na uvujaji unaweza kukoma. Ukikanyaga taratibu, mdomo haubanwi vya kutosha na mafuta yanapita. Ndiyo maana sili inayokufa hujificha siku ya majaribio, pale fundi anapokanyaga kwa mguu wote na kusema mbona iko sawa.

Kwa nini naitilia shaka kazi ya kutoa upepo? Kwa sababu katika matumizi ya kawaida pistoni hutembea sehemu fupi tu ya silinda, na hapo ukuta hung'aa kwa kusuguliwa. Mbele zaidi, ambako pistoni haifiki kwa miaka mingi, maji yaliyomo kwenye mafuta hutengeneza kutu na vishimo. Unapotoa upepo kwa kukanyaga mpaka sakafuni, unaipeleka sili laini kwenye kutu hiyo, ikwanguke, kisha unairudisha, tena na tena. Ulipobadilisha sili uliitazama silinda kwa taa mpaka mwisho wake? Wengi huifuta kwa kitambaa, wakaona mdomo wake unameta, wakafunga. Tatizo halikuwepo kabla, limezaliwa wakati wa kutoa upepo. Hiyo inalingana kabisa na sili iliyochanwa.

Basi haya yote ni maneno mpaka yathibitishwe, na uthibitisho wake ni rahisi. Tafuta vibano vitatu vya mipira ya breki, vile vyenye taya za mviringo laini vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usitumie koleo tupu la kujifunga, litakata nyuzi za ndani ya mpira na utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa tatu. Kama mipira yako mipya ni ile iliyosukwa kwa nyaya za chuma nje, usiibane kabisa. Itabidi ufungue viungio na kuviziba kwa plagi zenye nyuzi zinazolingana.

MGB ina mipira mitatu: miwili mbele, kila gurudumu wake, na mmoja nyuma unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli. Bana yote mitatu. Kanyaga. Sasa kilichobaki kwenye mfumo ni masta silinda na mabomba ya chuma peke yake, na pedali inatakiwa iwe juu, ngumu kama jiwe, na safari fupi mno. Ikidunda, upepo uko kwenye masta silinda yenyewe au kwenye bomba la karibu yake. Ikiwa juu na ngumu, mafuta ya sehemu hiyo ni mazima na hakuna haja ya kuyasumbua. Halafu weka mguu kwa wepesi, uzito wa kiatu na zaidi kidogo, na uhesabu taratibu mpaka 60. Ikizama hali vibano vyote vimefungwa na hakuna bomba linalolowa, umeshampata mwizi. Ni masta silinda, hakuna pengine.

Inua pia zulia la miguuni pako na upapase fimbo ya pedali kwa kidole. Sili ya nyuma ya masta silinda ikivuja, mafuta hushuka ndani ya gari kwenye pedali, hayaonekani kwenye injini. Rangi iliyonyanyuka kama malengelenge kwenye sanduku la pedali, chini ya masta silinda, ni ushahidi wa muda mrefu.

Tuendelee na vibano. Achia cha nyuma peke yake, kanyaga mara moja, na uangalie pedali imeshuka kiasi gani zaidi. Pima kwa rula kutoka kwenye usukani, usikisie. Kibane tena, achia mbele kushoto, pima. Kisha mbele kulia. Kwa dakika chache hizo unajua ni gurudumu gani linalokula pedali yako, na unaacha kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Inanisikitisha kila ninapoona mtu ametumia fedha zake zote kwenye vipuri vipya, kumbe kibano kimoja kingemwonyesha pa kuanzia.

Vyovyote vipimo vitakavyosema, anza kurekebisha nyuma, kwa sababu huwezi kuihukumu pedali ya gari hili kabla dramu hazijakaa sawa. MGB zote zilizotoka kiwanda cha Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980 zina diski mbele na dramu nyuma. Diski hujirekebisha zenyewe kadiri pedi zinavyoisha. Dramu zako hazijirekebishi. Kila upande una ajasta moja yenye kichwa cha mraba, inatokeza nyuma ya bamba la breki, na inasukuma kabari inayotenganisha viatu viwili.

Legeza kebo ya handbreki kwanza. Hili linasahaulika sana. Kebo ikivutwa kupita kiasi inavizuia viatu kukaa kwenye ajasta, kisha wewe unadhani umerekebisha kumbe umerekebisha juu ya kebo. Inua gari, liweke kwenye stendi imara (jeki peke yake haitoshi), zuia magurudumu ya mbele. Kaza ajasta mpaka gurudumu lisizunguke kabisa. Kanyaga pedali kwa nguvu mara mbili tatu ili viatu vijiweke katikati ya dramu. Rudi kwenye ajasta: mara nyingi utakuta inakubali kukazwa tena kidogo. Kaza, kisha rudisha hatua kwa hatua mpaka gurudumu lizunguke. Mkwaruzo mwepesi sehemu moja hauna shida. Kichwa cha ajasta ni laini na kwa gari la umri huo huenda kimeshika kutu, kwa hiyo kiloweshe mafuta ya kupenya siku moja kabla na utumie spana ya mraba inayokaa vizuri. Ukikivunja kwa spana ya kubahatisha, kazi ya dakika chache inageuka ya siku nzima. Handbreki irekebishe mwisho, viatu vikishakaa.

Kwa kuwa viatu vyako ni vipya, kuna jambo jingine la kuchungulia. Kiatu kipya hakina lazima ya kulingana na mviringo wa dramu iliyotumika miaka mingi, hasa kama dramu imewahi kuchongwa. Kikigusa katikati pekee, ncha zake zinakuwa hewani, na kila ukikanyaga chuma chake kinapinda kabla lainingi yote haijashika. Pedali hiyo inadunda kama yenye upepo, na imewapotosha mafundi wazuri. Paka chaki ndani ya dramu, irudishe, kanyaga kwa wepesi huku mtu anazungusha gurudumu, kisha fungua uone chaki imehamia wapi kwenye lainingi. Ikiwa ni mstari mwembamba katikati tu, viatu hivyo vinahitaji kuchongwa vifuate dramu, au dramu ibadilishwe. Ukifungua dramu ya zamani, usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Lainingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto. Lowesha, pangusa kwa kitambaa chenye maji, funga kitambaa kwenye mfuko utupe.

Sasa mbele, ambako nadhani ndiko ugonjwa wako wa kwanza ulipo. Umesema pedali hurudi chini baada ya kona na mashimo. Viatu vya nyuma vilivyolegea vinaishusha pedali kila wakati, gari likiwa limesimama au limetembea. Inayoshuka baada ya kona ni dalili ya diski inayoyumba na kuzisukuma pedi zirudi ndani ya kalipa. Beringi ya gurudumu ikiwa na mchezo, kwenye kona diski inalala upande kidogo, na umeshaona kwenye hesabu kwamba sehemu mbili za kumi za milimita zinatosha.

Inua mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Ukisikia mchezo, mwambie mwenzako akanyage breki na uendelee kutikisa. Mchezo ukitoweka, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga diski na kalipa pamoja. Ukibaki, ni kingipini (nguzo ambayo gurudumu la mbele hugeukia), ambayo nayo ina habari zake na nipeli zake za grisi, na usiiache hivyo. Kama una rimu za spoku, hakikisha kwamba kinachocheza si meno ya rimu juu ya habu (kitovu cha gurudumu).

Beringi za MGB zinapangwa kwa namna yake na hapa watu wengi hukosea. Kati ya beringi mbili kuna bomba fupi la kutenganisha na shimu nyembamba (pete za chuma za kujazia nafasi), na nati inakazwa kwa nguvu kubwa kubana vyote hivyo kuwa kitu kimoja juu ya ekseli. Mchezo unaotakiwa, milimita 0.05 hadi 0.10, unapatikana kwa kuchagua unene wa shimu. Magari mengine hukaza nati kwa mkono na kuirudisha kidogo, na fundi aliyezoea hayo akikutana na MGB hutupa shimu na bomba, akaweka nati legelege na pini ya kupasua. Mwezi wa kwanza inaonekana salama. Lakini bomba lile ndilo linaloipa ekseli ukakamavu wake, na bila hilo ekseli inapinda kwenye kona na kuzisukuma pedi. Fungua habu zote mbili uone. Kama bomba halimo, umepata chanzo cha pedali yako, na umeondoa hatari kubwa zaidi ya pedali.

Kama beringi ni nzima, pima diski. Funga geji ya mshale kwenye kitu kisichotikisika, ncha yake iguse diski karibu na ukingo wa nje, zungusha polepole. Kuyumba kunakozidi sehemu moja ya kumi ya milimita ni kwingi. Usikimbilie kununua diski: mara nyingi ni kutu au kipande cha rangi kilichobanwa kati ya diski na habu. Ifungue, safisha nyuso zote mbili mpaka chuma kitupu, irudishe, pima tena. Diski inayoyumba bila kubadilika unene huishusha pedali. Ambayo unene wake haulingani sehemu zote huifanya pedali ipige-pige mguuni unapofunga breki. Wewe hukusema inapiga, kwa hiyo sina shaka sana na unene.

Ukiwa hapo mbele, tazama nipeli za kutolea upepo. Ziko juu ya kalipa? Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia na ya kulia kushoto, zinaingia bila ubishi, ila nipeli zinaangalia chini na upepo unabaki umenaswa juu milele. Kwa pedali yako inayogota ngumu sidhani ndivyo, lakini kutazama hakugharimu kitu.

Na kabla hujatoka kwenye nafasi, chomoa pini inayounganisha pedali na fimbo ya masta silinda. Baada ya zaidi ya nusu karne, mara nyingi pini hiyo huwa imelika kiunoni na tundu la pedali limekuwa la yai. Kila milimita inayopotea hapo inapotea kabla hata pistoni haijaanza kwenda. Pini mpya ni kitu kidogo, na tundu lililolika linajazwa kwa kulehemu na kutobolewa upya. Ukiirudisha, acha pedali iwe na mchezo huru wa milimita 3 hivi kwenye sahani yake. Ukiuondoa mchezo huo wote ili pedali ionekane iko juu, sili itaziba lile tundu dogo la kurudishia mafuta. Mafuta yakipata joto yatakosa pa kwenda na breki zitajishika zenyewe barabarani.

Kuhusu masta silinda: jaribio la vibano likiithibitisha, ifungue tena. Ioshe ndani kwa mafuta mapya ya breki, kausha, na uitazame kwa taa kali hadi mwisho wa chumba. Pitisha ukucha. Doa lisilokwaruza ukucha linaweza kung'arishwa taratibu. Kishimo kinachonasa ukucha hakisafishwi, kwa kuwa ukikichonga mpaka kiishe silinda inakuwa pana kuliko sili. Hapo una njia mbili: ipelekwe ikawekewe bomba la ndani la chuma kisichoshika kutu, au ununue mpya. Kama ya sasa ni ile ya asili, mimi ningeiwekea bomba la ndani, maana itadumu na gari litabaki na kifaa chake. Lakini hakuna aibu kununua mpya iliyo nzuri.

Wakati wa kufunga, mdomo wa sili uelekee kwenye presha, na ile washa nyembamba inayokaa kati ya pistoni na sili kuu isisahaulike mezani. Bila hiyo, mpira unasukumwa kuingia kwenye vitundu vya kichwa cha pistoni na kumeguka. Lainisha kwa mafuta safi ya breki. Oili ya injini, petroli au grisi ya kawaida huvimbisha mpira, na tone lililobaki kwenye kidole linatosha kuanzisha uharibifu.

Ndipo sasa unatoa upepo, mara moja, ipasavyo. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho wa safari yake. Kaza ajasta za nyuma mpaka viatu vishike dramu, na mbele rudisha pistoni za kalipa ndani kabisa kwa kutumia mbao bapa, ukichungulia kopo lisifurike. Nafasi ya upepo kujificha inakuwa ndogo mno. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, malizia lililo karibu. Kanyaga taratibu, funga nipeli kabla ya kuachia pedali, subiri sekunde chache kopo lilishe chumba, rudia. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe hata kama yanaonekana safi. Ukimaliza, toa ubao, rejesha ajasta kwenye nafasi yake, na kanyaga mpaka pedi zifike kwenye diski kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Tumia mafuta ya DOT 4 yaliyofunguliwa sasa hivi. Yakiwa mapya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ni 155. Yanayanyonya maji hayo hata ukiwa umeliegesha gari, kwa hiyo gari la kutoka wikiendi nalo linahitaji kubadilishwa mafuta kila miaka miwili, umbali lililotembea hauhusiki. Kama aliyekuwa na gari kabla yako aliweka DOT 5 ya silikoni, usiichanganye na hii. Na tone la mafuta likianguka kwenye rangi, mwagia maji papo hapo, usilipanguse kavu.

Barabarani, jaribu handbreki kwanza. Simama mahali tambarare na patupu, enda kwa mwendo wa kutembea, funga. Kisha mwendo wa baiskeli, funga. Pedali ikishuka popote hapo, rudi. Ikikaa, tembea kilomita chache zenye kona, na kabla hujagusa breki tena mahali salama, kumbuka kwamba mkanyago huo wa kwanza baada ya kona ndio mtihani wenyewe: upime urefu wake. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake inajishika. Viatu vipya hukaa baada ya safari chache, kwa hiyo ajasta za nyuma zitataka kuguswa tena kidogo.

Ukishabana ile mipira mitatu, niandikie namba tatu: pedali ilishuka milimita ngapi ulipoachia nyuma, ngapi mbele kushoto, ngapi mbele kulia. Na uniambie kama bomba la beringi ulilikuta ndani ya habu.